Militante si Mwanamgambo, Jamani!

Kaa na watu waliosoma Kihispania kidogo, muhula mmoja chuoni au miezi mitatu ya masomo ya jioni, uone kama mtaachana kabla hujasimuliwa kisa cha "embarazada". Mzungu fulani kajikwaa mbele za watu, kaona aibu, kataka kusema yuko "embarrassed", akasema "embarazada". Kumbe katangaza ana mimba. Kicheko. Halafu anakuja wa pili na kisa cha gari la Chevrolet Nova, ambalo eti halikuuzika Amerika ya Kusini kwa sababu "no va" maana yake "haliendi". Hiki cha pili ni uzushi mtupu. Gari lile liliuzwa vizuri tu Meksiko na Venezuela. Hakuna msemaji wa Kihispania anayesikia "no va" ndani ya "nova", kama ambavyo wewe ukiambiwa "kaa hapa" huwazi kaa la moto.

Sina ugomvi na kicheko. Ugomvi wangu ni kwamba vichekesho hivi vimetuaminisha kuwa maneno ya namna hii, yanayofanana sura katika lugha mbili huku yakitofautiana roho, ni mambo ya watalii. Wenyewe Wahispania huyaita marafiki wa uongo. Mimi nayaita marafiki wanafiki. Mgeni anakosea hotelini, mhudumu anatabasamu, maisha yanaendelea. Basi. Lakini maneno yanayoumiza watu kweli hayachekeshi hata kidogo, na wanaoyakosea si watalii. Ni madaktari, mahakimu, viongozi wa mpira. Na sisi waandishi wa habari, tena sisi tuko mstari wa mbele.

Sitii chumvi. Mwaka 1980 huko Florida, kijana wa miaka 18 kutoka familia ya Wakuba alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Ndugu zake wakasema "intoxicado". Kwa Mkuba neno hilo ni mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Chakula kibovu kinatosha. Madaktari wakasikia "intoxicated", Kiingereza cha mtu aliyelewa. Wakamtibu kama kijana aliyezidisha dawa za kulevya. Damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa chake wakati huo wote. Ilipokuja kugundulika, mikono na miguu yote ilikuwa imepooza, moja kwa moja. Kesi ikaisha kwa makubaliano ya malipo yaliyokadiriwa kufika dola milioni 71 kwa muda wote ambao angeishi.

Sasa angalia. Hakuna aliyeita mkalimani. Kwa nini aitwe, wakati neno limeeleweka? Familia ingetamka neno geni kabisa, mtu angeuliza. Hapa walitamka neno ambalo kila mtu mle ndani alidhani analijua.

Tuje kwetu sasa, kwenye vyumba vya habari. Habari ya Bolivia au Kolombia inaandikwa kwa Kihispania na mtu wa huko huko. Shirika la habari linaigeuza Kiingereza. Inatua Dar es Salaam au Nairobi, na mtu wa dawati la kimataifa anaigeuza Kiswahili saa tatu usiku, huku ukurasa unasubiriwa mtamboni. Katika safari hiyo yote kosa la kwanza halirekebishwi na mtu. Linazaa. Na sisi, kwa adabu zetu tulizofundishwa darasani, tunaamini Kiingereza ni dirisha la kioo: unaona ng'ambo kama kulivyo. Nani kasema? Kiingereza nacho ni mkalimani kama wakalimani wengine, kinachoka, kinakisia, na mara nyingine kina yake moyoni.

Chukua "militante". Madrid, militante wa chama cha kisoshalisti cha PSOE ni mwanachama mwenye kadi, analipa ada, anapiga kura chaguzi za ndani. Anaweza kuwa bibi mstaafu anayekwenda mkutano wa tawi na kifuko cha soko mkononi. Mei 2017 ni militantes waliomrudisha Pedro Sánchez kwenye uongozi wa chama kwa kura zao, wakati wakubwa wengi wa chama walikuwa wanamtaka Susana Díaz. Kwa Kiingereza cha habari, "militant" ni mtu mwenye bunduki. Kwa Kiswahili cha magazeti yetu ndiyo kabisa: mwanamgambo, mpiganaji. Bibi yetu kavuka mipaka miwili tu, kafika kwetu na silaha begani.

Utasema hakuna mhariri mpumbavu kiasi hicho. Haya, njoo Kolombia.

Mwaka 1985, katika mazungumzo ya amani kati ya serikali ya Belisario Betancur na waasi wa FARC, kilizaliwa chama cha siasa kinachoitwa Unión Patriótica. Kiligombea, kikapata wabunge na madiwani, kisha kikaanza kuuawa. Nasema kuuawa, mtu mmoja mmoja: madiwani, walimu, watu wa vyama vya wafanyakazi, wagombea wake wawili wa urais, Jaime Pardo Leal mwaka 1987 na Bernardo Jaramillo mwaka 1990. Waliowaua na waliowakingia kifua walikuwa na sababu moja waliyoirudia miaka yote: hawa si wanasiasa, hawa ni waasi waliovaa suti. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa hukumu Julai 2022, ikatangazwa Januari 2023: dola ya Kolombia inawajibika kwa kuangamizwa kwa chama hicho, na wahanga ni zaidi ya 6,000.

Jina la kesi kwa Kihispania ni la "integrantes y militantes" wa Unión Patriótica. Wanachama na wanaharakati wa chama, hakuna zaidi. Kwa Kiingereza kesi hiyo hiyo, kwenye nyaraka za mahakama hiyo hiyo, imeandikwa "Members and Militants". Umeona? Watu waliuawa kwa kuitwa wapiganaji. Wamekaa miaka thelathini wakingoja mahakama iseme hawakuwa wapiganaji. Mahakama imesema. Halafu juu ya jalada la ushindi wao, kwa lugha inayosomwa dunia nzima, neno linalomfikia msomaji wa kawaida ni lile lile la wauaji. Aliyetafsiri hakuwa na nia mbaya, nina hakika. Alikuwa na kamusi tu.

Na mtu wa dawati la kimataifa akikutana na "militants of the Patriotic Union" saa tatu usiku, ataandika nini? Mnajua wenyewe.

Neno la pili linanikera kuliko hata hilo, kwa sababu hapa kamusi haidanganyi, na bado unapotea. "Campesino." Kamusi ya Kihispania na Kiingereza inakupa "peasant" au "farmer". Farmer wa Kiingereza cha leo ana trekta na mkopo wa benki. Peasant ni tusi. Mwite Mwingereza hivyo uone. Campesino ni mtu wa "campo", mtu wa shamba, anaweza kuwa na kipande cha ardhi au asiwe nacho, mwezi huu analima chake, mwezi ujao ni kibarua wa mavuno kwa tajiri.

Ila hilo ni dogo. Nenda milima ya Andes. Peru, tarehe 24 Juni, ilikuwa inaadhimishwa siku iliyoitwa Día del Indio. Mwaka 1969 Jenerali Juan Velasco Alvarado akatangaza siku hiyo hiyo sheria ya kugawa upya ardhi, na jina la sikukuu akalibadilisha: kuanzia leo ni Día del Campesino. Bolivia walikuwa wametangulia kufanya vivyo hivyo baada ya mapinduzi yao ya 1952. "Indio" lilikuwa tusi la miaka mia nne, tusi la mtu wa kubebeshwa mizigo, kwa hiyo serikali zikasema wasiitwe hivyo tena, waitwe campesinos. Jina la rangi likafichwa ndani ya jina la kazi. Wakaja watoto na wajukuu wakasema hapana, sisi ni Waaymara, ni Waquechua, rudisheni na hilo. Ndiyo maana katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 inazungumzia watu na mataifa "indígena originario campesinos", maneno matatu kwa pumzi moja bila hata mkato. Wenyeji, wa asili, wa shamba. Mtu akikuletea hapo "indigenous farmers" amefuta nusu karne ya ubishi, na msomaji wake anabaki na picha ya mzee na poncho na mbuzi wake.

(Na usithubutu kutafsiri "indio" kwa Mhindi. Kwa msomaji wa Kariakoo Mhindi ni mtu mwingine kabisa. Columbus alipotea njia mwaka 1492, sisi tumerithi kosa lake kupitia Kiingereza na kulibatiza Wahindi Wekundu.)

Wenyewe campesinos wameliona tatizo hili zamani. Harakati yao ya kimataifa iliyoundwa mwaka 1993 huko Mons, Ubelgiji, inaitwa La Vía Campesina, na wanapoandika Kiingereza jina hawaligeuzi. MVIWATA ya hapa Tanzania ni mwanachama. Na pale Umoja wa Mataifa ulipopitisha tamko la haki zao tarehe 17 Desemba 2018, jina la Kiingereza lilibeba "peasants" bila kuona haya: tusi limeokotwa na mwenye nalo, limefutwa vumbi. Sisi tunasema "wakulima wadogo". Wadogo kuliko nani? Sijawahi kupata jibu.

Hapa mtu ataniuliza: kwa hiyo kila neno tuliache na uzi wake wa Kihispania? Hapana bwana. Huo nao ni uvivu, uvivu wa kisomi, wa kujaza makala maneno ya italiki ili msomaji ajione hajasafiri. Mara nyingine Kiswahili kina neno bora kuliko Kiingereza, ila hatulifikii kwa sababu tunapita kwa Mwingereza kwanza. Mfano ninaoupenda ni "barrio popular". Kwa haraka haraka Kiingereza ni "popular neighbourhood", na Kiswahili chake kinakuwa "mtaa maarufu" au "mtaa unaopendwa". Upuuzi. "Popular" katika siasa na maisha ya Kihispania ni ya "pueblo", ya watu wa kawaida, ya walalahoi. Comedor popular ya Lima si mgahawa wenye jina, ni jiko la akina mama wa mtaa waliochangishana wapike pamoja ili bei iwe nafuu. Sasa barrio popular ni nini? Ni uswahilini! Neno lipo, limekamilika, na mapenzi yake na dharau yake, sawasawa na huko. Mwingereza hana. Atakupa "working-class", wakati nusu ya wakazi hawajawahi kuajiriwa na mtu.

"Trabajadores eventuales" vilevile. Si wafanyakazi wa "hatimaye", ni vibarua, tunao mpaka nyumbani. "Sindicato" ni chama cha wafanyakazi. Ukisoma "syndicate" kwa Kiingereza cha Afrika Mashariki unawaza meno ya tembo bandarini. "Compromiso" ni ahadi ya kujifunga, siyo kulegeza kamba, kwa hiyo waziri anayetangaza compromiso na wastaafu hajakubali nusu, amekula kiapo cha yote (kama atakitimiza ni hadithi nyingine). Na "educado" si msomi. Ni mtu mwenye adabu, aliyelelewa. Nawajua wenye shahada mbili ambao kwa Kihispania si educados hata robo.

Kuna neno ambalo halina utani. Julai 2016, Pamplona, wanaume watano walimbaka msichana wa miaka 18 kwenye sikukuu za mtaani. Aprili 2018 mahakama ya Navarra ikawapa miaka tisa kwa kosa la "abuso sexual". Hispania ikalipuka, barabara zikajaa wanawake. Magazeti ya Kiingereza yakaandika "sexual abuse", nasi tukafuata na "unyanyasaji wa kijinsia", na msomaji wa huku akabaki anashangaa: si wamepatikana na hatia, mbona maandamano? Kwa sheria ya Hispania ya wakati ule, abuso maana yake ilikuwa mahakama inasema hapakuwa na nguvu wala vitisho. Wanaume watano kwenye kibaraza cha kuingilia jengo, na hapakuwa na vitisho! Ndiyo hasira yote. Waandamanaji walisema hii si abuso, hii ni "violación". Na violación si "violation", ukiukaji fulani wa kanuni. Ni ubakaji. Juni 2019 Mahakama Kuu ya nchi ilikubaliana nao, kifungo kikawa miaka 15, na mwaka 2022 sheria mpya ikafuta kabisa tofauti ya makosa hayo mawili. Habari nzima ilikuwa ndani ya tofauti ya maneno mawili, na tafsiri ikayamwaga yote kwenye ndoo moja.

Mashabiki wa mpira msinune, zamu yenu. Oktoba 2011, Anfield, Luis Suárez wa Liverpool alimwita Patrice Evra wa Manchester United "negro", wakijibizana kwa Kihispania. FA ikamfungia mechi nane na faini ya pauni 40,000. Utetezi ulikuwa kwamba Uruguai hilo ni neno la kawaida, hata la mapenzi. Ni kweli linaweza kuwa la mapenzi; Mercedes Sosa, mwimbaji mkubwa wa Ajentina, mashabiki wake walimwita La Negra kwa heshima zote. Lakini FA waliwauliza wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Manchester, nao wakasema: ndiyo, ila katika ugomvi, baina ya mahasimu, kwa namna Evra alivyoeleza, hata Uruguai kwenyewe lingekuwa tusi. Sawa kabisa. Mwite rafiki yako "we mjinga" mkicheka kijiweni, kisha mwite hivyo hivyo trafiki aliyekusimamisha. Kwa hiyo walioimba "ni suala la tafsiri tu" walikuwa wanaitumia tafsiri kama kichaka cha kujifichia, na nyie wa Liverpool mliimba sana.

Miaka tisa baadaye, Novemba 2020, Edinson Cavani wa Manchester United aliifungia timu mabao mawili kule Southampton. Rafiki akampongeza Instagram, naye akamjibu "gracias negrito". Mechi tatu nje, faini pauni 100,000. FA wenyewe wakakiri hakuwa na nia ya kumbagua mtu. Taasisi ya lugha ya Uruguai ikalalamika, na ilikuwa na haki. Ile "-ito" ya mwisho ndiyo ujumbe wote. Ni mkono begani. Kiingereza hakina kitu kama hicho, na sisi tuna cha kutupoteza zaidi, maana vitabu vyetu vya sarufi huita umbo la namna hiyo kudunisha. Mara ya kwanza FA walitazama nani anamwambia nani, na kwa sauti gani. Mara ya pili walitazama herufi. Na mashabiki? Wale wale wa United waliomcheka Suárez ghafla wakawa wataalamu wa Kihispania cha Montevideo.

Kiingereza nacho kikifanya vizuri tukisifu. Ajentina, kati ya 1976 na 1983, jeshi lilikuwa linawachukua watu majumbani usiku na hawaonekani tena. Tume ya serikali ya kiraia ilihesabu mwaka 1984 karibu 9,000. Mashirika ya haki za binadamu yanasema 30,000. Wakaitwa "desaparecidos". Lilikuwa neno la ujanja mdomoni mwa watawala: mwaka 1979 Jenerali Videla aliwaambia waandishi kwamba desaparecido hayupo, si hai wala si mfu. Lakini akina mama wa Plaza de Mayo walilishika neno hilo hilo wakaligeuza mashtaka. Kiingereza kilikuwa na "missing" tayari, neno la paka aliyetoroka. Hakikulitumia. Kikakubali kuvunja sarufi yake, kikaanza kusema watu "were disappeared", mtu anatowesha mtu. Kwa mara moja lugha ilikubali kupinda ili ukweli upite.

Sisi hatuhitaji hata kupinda. Kiswahili kina mnyambuliko, tunafundishwa darasa la tano: potea, poteza, potezwa. Mtaani "kupotezwa" linasemwa, na kila mtu anaelewa kuna mkono nyuma yake. Mwandishi mwenzetu wa Kibiti hajaonekana tangu Novemba 2017. Tafuta habari zilizoandikwa juu yake, uhesabu zilizosema amepotea, zilizosema ametoweka, na zilizosema alipotezwa. Mimi nimeanza kuhesabu, na safu ya tatu bado ina nafasi nyingi.